Hatua Sabini za Kaka Lazaro

Rudewa, Kilosa,
8 Februari 2026.

Mpendwa kaka Lazaro,

Shikamoo. Hali yako huko Tunduma, na wifi Jenipher na watoto? Sisi tunaendelea. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, ila anakula. Simu hupokei, ndiyo maana barua hii nimempa dereva wa basi.

Shamba la baba uliloliacha miaka sita nimelisafisha. Kijiji kimetangaza: lisilopandwa hadi tarehe ishirini na nane anapewa mwingine. Duka langu la Kilosa mjini, nililolianza na kilo nne za mbegu, nimelifunga siku kumi na moja. Nilichukua vibarua watatu, na magugu yalikuwa yananipita kichwa.

Mkonge wa lile shamba kubwa la zamani ulikuwa umezaana kila mahali shambani mwetu. Nikawaambia wang'oe wote. Siku ya tisa jirani yetu Mzee Shilinde akaja, akaegemea fimbo yake. "Binti, mpaka wetu umeupeleka wapi?" Nikamwangalia Herman, mkubwa wa vibarua. "Dada, si ulisema wote?" Nilisema. Kwamba mstari mmoja mliupanda wewe na Mzee Shilinde kuwa mpaka, hukuniambia.

Kumbe mlipima kwa miguu yako, hatua sabini kutoka mfereji. Mzee sabini hazipingi. Anasema tu, "Mwenye miguu ni aliyepo. Tembea wewe." Unanijua nilivyo mfupi. Sabini zangu zinaishia mita arobaini na tisa. Zako hazipungui hamsini na sita. Mita saba kwa urefu wa mia na arobaini ni karibu robo eka.

Nikipanda kwa hatua zangu, mpaka umehama. Nikivuka hapo, ng'ombe wake wataingia. Nikiacha, kijiji kinagawa. Jina ni lako, jembe liko kwangu. Kupanda siwezi, kurudi dukani siwezi.

Nimebishana na mzee hadi amekubali kupokea uzi wa kipimo cha hatua yako, tuupime mara sabini. Huo wa katani umo ndani ya bahasha. Piga hatua moja mbele ya mchungaji wako, ukate kwa urefu huo, yeye atie sahihi kwenye karatasi, na uzi urudi kwa basi lile lile kabla ya tarehe ishirini.

Mama na shangazi Lea wanawasalimu sana. Mungu awashike mkono huko mliko.

Uzi usiurefushe, kaka. Tembea kama mtu anayekwenda shambani, si kama ulivyoondoka hapa.

Mdogo wako akupendaye pamoja na hasira zake zote,
Magdalena