Kiapo ya Mwaka Moja

Kisangani, tarehe 12 octobre 1963

Kwa mwanangu Amuri,

Salaam aleikum. Huku tuko wazima, isipokuwa mugongo yangu inauma juu ya kukaa siku muzima ku mashini ya kushona. Mama yako anakusalimia. Zaina, bibi yako wa ndoa, anakusalimia pia, lakini amenuna, na sababu utaijua sasa hivi.

Amuri, tangu Uhuru ni miaka tatu tu, na umekwisha kubadilisha patron, bwana wa kazi, mara tano. Tano! Mimi niko fundi wa nguo, ata suruali haibadilishi wenyewe mbio vile. Leo nasikia uko ku Paulis, ku lori ya Mugiriki wa kahawa. Batu ku musikiti wananiuliza mutoto yangu anaendesha kamio ya nani mwezi huu. Nacheka nao, lakini napata haya.

Sasa sikia. Mukwe yako, baba ya Zaina, alikuja juzi. Alikunywa kahawa, akasema shofere anayerukaruka vile, siku moja ataruka amuache ata bibi yake. Kama haumalizi mwaka muzima na patron moja, atamurudisha Zaina kwake. Na Zaina iko na mimba. Nilimujibu kwamba utaapa. Donc basi, uape. Shika Msahafu, useme mbele ya Mungu: mwaka moja, patron moja, kamio moja. Na unajua desturi ya kwetu, kiapo ya mutoto kwa baba, baba peke yake njo anaifungua.

Papa yako,
Abdulhamid

Paulis, tarehe 3 novembre 1963

Papa mupenzi,

Aleikum salaam. Mimi niko muzima, ninakula ndizi za makemba na makayabu, samaki ya chumvi, kila siku, ninanenepa. Pole na mugongo. Mama iko namna gani?

Bon, ngoja nikuelezee juu ya nini ba-shofere tunahama. Nyinyi batu ya mji munafikiri miguu inatuwasha. Haiko vile. Tangu Wazungu wenye ma-garage walienda, pièces, vipuri vya gari, haziingii tena. Kamio ikigonjwa, patron anasema endesha tu. Shofere anasikia frein, ile breki, inalegea chini ya muguu, anatoka kimya, na mwingine anaingia. Kutengeneza hatuwezi, kukataa hatuwezi. Kuhama njo dawa yetu.

Lakini sitaki Zaina arudi kwao. Ijumaa, kisha sala, nilishika Msahafu mbele ya shehe wa hapa na mbele ya Dominique, shofere mwenzangu. Yeye iko Mukristu, alinicheka sana. Niliapa vile ulivyosema, mpaka ijumaa ya kwanza ya novembre ya mwaka ujao. Kamio yangu iko ya kijani, bado na nguvu. Mwambie mukwe akunywe kahawa yake na roho baridi.

Mutoto wako,
Amuri

Kisangani, tarehe 20 février 1964

Kwa mwanangu Amuri,

Salaam aleikum na Idi ya heri. Sote wazima, na tumeongezeka. Siku mbili kisha Idi, Zaina alizaa mutoto mwanamuke, na amefanana na wewe ata kwa kelele. Mukwe yako alikuja na mbuzi. Alisema nimelea mwanaume. Wewe unamujua yule mzee, neno nzuri inatoka kwake mara moja kwa miaka kumi.

Ku musikiti sasa mimi njo ninawauliza juu ya watoto wao. Endelea vile vile.

Papa yako

Paulis, tarehe 14 juin 1964

Papa mupenzi,

Salaam. Mimi muzima, ashukuriwe Mungu, lakini kidogo tu usingesoma hii barua. Mubusu mutoto kwa ajili yangu.

Papa, naomba unifungulie kiapo. Juma jana nilikuwa nashuka kwenda mutoni, pale pa bac ya kuvusha magari. Nilikanyaga frein, muguu ikaenda mpaka chini. Niliingiza kamio ndani ya udongo ya kilima, njo ikasimama. Patron alifunga bomba ya frein kwa waya, akaniambia endesha.

Tulikuwa ba-shofere saba, nimebaki peke yangu. Ata Dominique amehama. Patron ananiita muaminifu, lakini Papa, mimi naogopa. Naogopa sana, na sioni haya kukuambia. Kuna muntu mwingine ananitaka, kamio yake mupya. Neno moja tu ya kwako.

Mutoto wako,
Amuri

Kisangani, tarehe 11 juillet 1964

Kwa mwanangu Amuri,

Salaam aleikum. Tuko wazima. Mutoto ameanza kukaa.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Nilienda kwa mukwe yako kumuelezea. Nilifika ku mulango yake, nikarudi. Nitamuambia nini, kisha mbuzi yake na sifa zake zote? Mvumilivu hula mbivu, mwanangu. Imebaki miezi ine tu. Endesha polepole, Mungu atakulinda.

Hapa batu wanasema ba-Simba, wale waasi, wanakuja upande ya Maniema. Mimi nasema ni maneno ya soko.

Papa yako

Paulis, tarehe 13 août 1964

Papa mupenzi,

Salaam. Redio inasema ba-Simba wamekamata Kisangani. Muko wazima? Mama, Zaina, mutoto? Sijue ninamuuliza nani.

Patron alikimbia jumapili, kwenda Sudani. Aliniachia funguo. Dominique amekuja na velo, baiskeli ya kwake, anataka kunibeba twende kujificha kwa wajomba zake, ngambo ya mutoni. Anasema patron akikimbia, kiapo nayo imekimbia. Mimi nasema kiapo haikuwa ya Mugiriki, ilikuwa yako, na kamio niliitaja. Nilitaka kumuuliza shehe, naye ameingia porini.

Bon, nimekataa velo. Nitangojea jibu yako hapa. Posta imefungwa, barua hii nampa Dominique, njia ikifunguka atakuletea. Tafazali, Papa, usikawie.

Mutoto wako,
Amuri

Kisangani, tarehe 9 décembre 1964

Kwa mwanangu Amuri,

Salaam aleikum. Afya yako sikuulizi.

Dominique alifika jumatatu, kwa miguu, na barua yako ndani ya kiatu. Mukwe yako alikuwa amekaa hapa, naye akasikia yote. Ba-Simba walipoingia Paulis walitafuta shofere, na wote walikuwa porini isipokuwa wewe. Walipanda nyuma batu arobaini. Uliwaambia frein imekufa. Walikujibu kwamba dawa yao inazuia risasi, itazuia na kamio. Dominique alikuwa ngambo, aliona kamio ya kijani inashuka kilima na haisimami, mpaka ikaingia mutoni. Walitoa mutoni batu saba wazima, na hao njo walimuelezea Dominique maneno yenu. Wewe haukuwa kati yao.

Jana mukwe yako alimuchukua Zaina na mutoto. Sikumuzuia.

Amuri, wewe uliogopa kufa na ukaniambia. Mimi niliogopa kuchekwa na mzee moja, na nilikuficha, nikakuandikia methali. Uliomba neno moja. Ninaiandika sasa. Nimekufungulia kiapo, mbele ya Mungu na mbele ya mama yako. Acha ile kamio. Panda velo ya Dominique, uje nyumbani.

Mama yako anauliza barua hii nitampa nani, juu ba-shofere ya Paulis hakuna tena. Nimemuambia anyamaze kwanza, niko naandika.

Papa yako