Ukuta wa Mtaro wa Kyebando

Jumatatu, 7 Aprili
Nimefagia tope tena. Mvua ya jana imemega ukingo wa mtaro, choo cha jirani yangu Nalongo kimekwenda na maji. Hakuna aliyekuwa ndani, Mungu mkubwa. Yeye na watoto wake pacha sasa wanatumia chetu. Zamani mbuzi aliuruka mtaro huu. Leo ni korongo. Jumatano tunakwenda kwenye kikao cha bajeti kudai ukuta wa kushikilia ukingo. Pesa ni za umma, na sisi ni umma.

Jumatano, 9 Aprili
Tulijaa ukumbini, wengine na watoto mgongoni. Diwani akaeleza: fedha za ukuta zipo, ila ni za kulinda barabara pale darajani. Nilisimama. Nimestaafu polisi lakini sauti haijastaafu. Nikasema barabara ikimegeka inachongwa nyingine, mtoto hachongwi. Makofi. Diwani hakufurahi, lakini ameahidi kuleta injinia. Nimerudi nimeshiba bila kula.

Jumanne, 15 Aprili
Injinia amekuja. Binti mdogo, buti za mpira, hana maringo. Amepima kutwa. Ukuta wetu unawezekana, amesema, na atautetea. Ila msingi unataka nafasi upande wetu. Kaya moja ikikataa, fedha zinarudi darajani. Kisha akapaka alama nyekundu kwenye vya kubomolewa. Moja iko kwenye chumba chetu cha nyuma.
Chumba hicho mume wangu Okot alikijenga kwa mikono yake alipotoka jeshini. Mama yake alifia humo.
Nalongo alinitazama. Nina hasira, na sijui ni ya nani.

Jumatano, 16 Aprili
Mzee wangu Okot hataki chumba kibomolewe. Hajagusa chakula. "Wewe afande ya watu wote," ameniambia. "Sasa unabomoa nyumba yako?"
Nikamjibu mtaro utakichukua bila kutuomba ruhusa. Akavaa koti, akaenda kwa kaka yake anayeishi Kamwokya. Hakuaga. Inauma. Lakini nina haki, na hata yeye anajua.

Jumamosi, 19 Aprili
Kesho Pasaka.
Mvua ilianza mchana. Nilisikia mlio kama gunia linaburutwa, kisha Nalongo akapiga yowe. Ukuta wa chumba cha watoto wake ulikuwa umelala mtaroni. Pacha walikuwa kitandani, ardhi inakatika chini ya miguu ya kitanda. Nilimvuta mmoja dirishani, mama yao akamtoa mwingine. Wazima wote. Mmoja ana mkwaruzo tu.
Okot alitokea mbio kutoka kwa kaka yake, viatu mkononi, ananiita jina langu kwa sauti ambayo sijaisikia miaka mingi. Aliponiona alikaa chini kwenye matope. Baadaye aliingia chumba cha nyuma. Ufa sakafuni unameza mkono. Alikaa humo muda mrefu.
"Itabomolewa," akasema. "Lakini mimi ndio nabomoa. Si mtu ingine."

Jumatatu, 28 Aprili
Madiwani wamepitisha ukuta! Upande wetu kwanza, daraja litasubiri. Injinia alitutetea kama alivyoahidi. Diwani amenishika mkono mbele ya watu kana kwamba wazo lilikuwa lake. Namwachia. Ukuta utakuwa wetu. Kesho nitamwambia tunataka na ngazi za kushukia kusafisha taka.

Jumamosi, 3 Mei
Mzee ameanza na bati, halafu mbao, halafu tofali. Hakutaka msaada mpaka saa sita, ndipo akamruhusu Nalongo kupokea tofali. Mlango ameutoa mzima, ameuegemeza sebuleni.
Jioni tumekaa pale palipokuwa chumba. Upepo unaingia. Pacha wamelala kwetu. Mzee amechora kwa kijiti mahali pa kupanda migomba ukuta ukiisha. Nimemwambia ni karibu mno na msingi. Amefuta kwa mguu, akachora huku zaidi, karibu na nyumba.