Bunduki ya Mtu wa Juu ya Tangi

Jumapili, 14 Septemba. Jeddah
Maji nusu tangi. Mikate, maziwa, dawa za madam. Gari limeoshwa. Alasiri nimempeleka mzee, tajiri wangu, kwa wenzake na kumrudisha. Njiani nimemtajia watu kama kawaida. Yule anayekuja ni Abu Saad, baba. Nyuma yake imamu. Hanijibu. Anasubiri wakaribie, kisha anawasalimu kwa majina kana kwamba amewaona mwenyewe. Mwaka wa tatu sasa. Hatujalizungumzia hata siku moja.

Macho yake yameingia ukungu na hataki kuambiwa. Alikuwa mwalimu wa shule, amezoea kusahihisha wengine.

Jumatano, 17 Septemba
Balaa. Mzee kaamka usingizini baada ya chakula cha mchana, kachungulia dirisha la majlisi, sebule ya wageni, kaona mtu juu ya paa. Alipiga ukelele hadi madam, mkewe, akadondosha glasi. Mwizi!

Mwizi mwenyewe ni mimi. Nilikuwa juu natazama tangi.

Niliposhuka nilimkuta ameshika fimbo. Akaniambia yalla, Kioko, zunguka nyuma, amekimbilia huko. Nikazunguka nyuma. Sijui nilikuwa nawaza nini. Nimeizunguka nyumba nzima nikijitafuta, nikarudi nikasema mafi, baba, hayupo.

Ningesema pale pale. Lakini majirani walishafika, na mwanawe Fahd alikuwa kwenye simu kutoka Riyadh. Ningesema ni mimi, ningekuwa nimewatangazia wote kwamba mzee haoni. Saa nane ya mchana, jua kali, mtu anayeishi naye hapo hapo hamjui. Tena mgeni juu ya paa huonekana anachungulia wanawake wa jirani. Nani angesikiliza habari za tangi?

Ijumaa, 19 Septemba
Nilikwenda mtaa wa Kandara, hapa hapa Jeddah, kula ugali na vijana wa kwetu. Niliwasimulia. Walicheka mpaka wakalia, nami nikacheka. Njiani kurudi kicheko kiliisha.

Jumatatu, 22 Septemba
Ameniona tena. Safari hii nilikuwa nashuka ngazi za paa na ndoo mkononi. Nilimsikia anafungua dirisha, nikaruka ngazi tatu za mwisho. Goti limevimba.

Jioni aliniita majlisi. Anacho kibali cha bunduki tangu mwaka juzi. Alikichukua ili awe anakwenda na ndugu zake shambani kupiga ndege, kama walivyofanya na baba yao, ila hakuwahi kununua. Sasa atanunua. Ndege shambani, mwizi nyumbani. Nimsaidie kuchagua, kwa sababu mimi najua kutafuta vitu kwenye simu.

Nikasema sawa, baba. Mjinga mimi.

Alhamisi, 25 Septemba
Siku ya tatu ya video za bunduki. Ninamsomea maelezo, yeye anasikiliza na kuuliza. Mimi niliyekuja huku kushika usukani sasa naweza kufungua duka la silaha. Bunduki za marisau ziko za kuvuta kwa mkono kila unapopiga, ziko zinazojikoki zenyewe, na ziko za mitutu miwili. Ziko za Kituruki zenye bei ya mtu wa pensheni, na za Kiitaliano ambazo tunazitazama tu.

Ninajaribu kumkatisha tamaa. Nilimwambia ya mitutu miwili ina risasi mbili tu. Akafurahi, baba yake alikuwa nayo hiyo hiyo. Nilimwambia kipimo cha kumi na mbili, chenye mtutu mpana, kinapiga bega teke. Akasema basi tuchukue kipimo cha ishirini, mtutu wake mwembamba, ni nyepesi. Nilimwambia mwizi huenda asirudi. Akasema yule atarudi, ameshaizoea nyumba.

Hapo amesema kweli.

Atakuwa anaiegemeza nyuma ya mlango wa majlisi, mbele ya dirisha linalotazama ngazi za paa. Mimi napanda ngazi zile kila siku ya Mungu.

Jumanne, 30 Septemba
Zuhura amejua. Yeye ni wa Mombasa, anafanya kazi ndani kwa madam. Huwa tunaongea kwenye mlango wa jikoni ninapomkabidhi vitu vya sokoni. Alikuwa anaanika nguo siku ile ya kwanza, aliniona juu ya paa. Amekaa kimya muda wote huu akidhani nitasema mwenyewe.

Ameniuliza, "Kaka Kioko, wangoja nini? Wangoja akutoboe?"

Nilimjibu kwa hasira. Nikamwambia aangalie sufuria zake. Baadaye niliona haya. Ukweli ni kwamba naogopa. Ikama yangu, kibali cha kuishi huku, iko mikononi mwa mzee, na mzee akiaibika hasamehi kirahisi. Dereva wa kabla yangu alimwambia avae miwani. Hakumaliza wiki.

Na ninampenda. Niliandike hilo pia. Mama yangu alipolazwa hospitali, mzee alinipa ruhusa kabla sijamaliza kuomba, na kila siku akawa ananiuliza habari zake kwa jina. Sitaki kuwa mtu wa kumvunjia heshima.

Jumamosi, 4 Oktoba. Riyadh
Tumeendesha siku nzima. Kuna maonyesho ya uwindaji nje ya mji, mwenye kibali ananunua huko huko. Mzee amechangamka kama bwana harusi. Amenisimulia ndege wote aliowapiga ujanani, na kila nusu saa idadi yao iliongezeka.

Tumefikia kwa Fahd. Mimi nimelala chumba cha mlinzi. Nimeomba mvua inyeshe, maonyesho yafungwe. Mvua, Riyadh, Oktoba.

Jumapili, 5 Oktoba. Riyadh
Nitaandika kama ilivyokuwa.

Fahd alitoka kazini kwake Olaya, akatukuta mlangoni pa maonyesho. Watu wengi, mwewe kwenye vigingi, watoto wanapigwa picha. Mzee alinishika kiwiko, nami nikamnong'oneza: ngazi, baba, mtu kushoto, meza. Tulifika kwenye bunduki bila kugonga kitu.

Muuzaji ni mtu wa makamo, mpole, anamwita mzee ami. Mgeni haruhusiwi kushika silaha, basi nilisimama mikono nyuma. Alimpa ile ya Kituruki, mitutu miwili, kipimo cha ishirini. Akaweka kitako kwenye kunjo la kiwiko cha mzee, akatazama kama kidole kinafika kwenye kifyatulio. Kilifika sawasawa. Mzee akaiweka begani, na kwa dakika moja nilimwona alivyokuwa akiwa na miaka ishirini. Alipendeza. Bei nayo ilimfaa.

Kisha muuzaji akasema anayenunua bunduki ya kwanza lazima ajue jicho lake lenye nguvu, maana ndilo la kulengea. Huweki bunduki bega la kulia kama jicho lako la nguvu ni la kushoto. Akamfundisha anyooshe mikono, aunganishe viganja abakize tundu dogo katikati, atazame kile cha duara kilichoko ukutani. Afumbe jicho moja, kisha jingine. Aseme jicho gani bado linakiona.

Mzee alinyoosha mikono. Alifumba moja. Alifumba jingine. Alikaa hivyo.

"Unakiona, ami?"

"Nakiona."

"Ni nini?"

Mzee akageuza sikio upande wangu. Kidogo tu, mtu mwingine asingegundua. Anafanya hivyo mara kumi kwa siku, nami hujibu kabla hajamaliza kugeuka. Neno lilikuwa kinywani mwangu. Ni sahani, baba, wamechora ndege.

Nilinyamaza.

Aliningoja. Mungu anisamehe, aliningoja sana. Kisha akasema kwa sauti ya darasani kwamba ni saa ya ukutani, na sasa ni saba na robo.

Fahd alicheka, akidhani baba yake anatania. Hakuna aliyecheka naye. Akamtazama baba yake, akatazama ukuta, akanitazama mimi. Muuzaji aliichukua bunduki kwa mikono miwili, taratibu, akasema kwa sauti ya chini, "Itakungoja, ami. Anza na daktari wa macho."

Mzee alitoka peke yake. Aligonga meza ya watu wa kahawa.

Jumatatu, 6 Oktoba. Njiani
Amekaa kiti cha nyuma. Hajawahi. Kilomita mia nne bila neno.

Tulisimama kituo cha petroli. Sikuweza tena. Niligeuka nikamwambia, baba, mtu wa juu ya tangi alikuwa mimi.

Akauliza, "Mara zote mbili?"

"Mara zote mbili."

Alishika mpini wa mlango, akauachia. Halafu akasema, "Ningekuua." Akarudia. Akaanza kulia, mzee wa watu, nami nikatoka nikasimama kando ya gari kwa sababu sikujua pa kutazama.

Niliporudi alikuwa amekasirika. Alisema nimenyamaza nilipotakiwa kusema, na kwenye maonyesho nikanyamaza tena mbele ya mwanawe. Halas, tukifika ataniandikia khuruj, hati ya kuondoka nchini, nirudi kwetu.

Kunyamaza kwa kwanza najuta. Kwa pili sijuti. Ingawa sikio lile halinitoki kichwani.

Tulifika Jeddah usiku, kwa ile barabara ya kuizunguka Makka, maana mimi ni Mkristo. Siku zote hunitania kwamba namchelewesha. Juzi tulipokwenda pia alinitania. Leo kimya.

Alhamisi, 9 Oktoba. Jeddah
Sina kazi. Fahd amekuja kwa ndege, yeye ndiye anaendesha. Wamekwenda hospitali. Mimi nimeosha gari lililo safi.

Zuhura amesikia wakibishana. Amesikia neno khuruj mara mbili, hakusikia limemalizikaje. Nimempigia Mwende. Nimemwambia mke wangu kwamba huenda nikarudi kabla ya Krismasi. Akauliza, "Umegonga mtu?" Nikamwambia sijagonga, ni hadithi ndefu.

Nimefungasha viatu. Kisha nikavifungua.

Jumanne, 14 Oktoba
Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari anasema yalistahili kushughulikiwa zamani. Wataanza na la kulia.

Hajanisemesha. Ila leo asubuhi alisimama mlango wa majlisi, akasema hewani, si kwangu, kwamba maji ya bomba yanatoka kidogo. Nikapanda kutazama tangi. Nilipanda nikiimba kwa sauti nyimbo zote za kanisani ninazozijua. Nilijisikia mpumbavu, lakini niliimba mpaka nikashuka.

Jumatano, 29 Oktoba
Jicho limefunguliwa bandeji juzi. Madam anasema alishinda siku nzima anatazama zulia. Amelalamika lina doa. Lina doa tangu nije mimi.

Fahd amerudi Riyadh. Kabla hajaondoka alinipa funguo za gari. Nilimuuliza kuhusu khuruj. Akasema hakuna khuruj, mzee amekataa hata kulisikia hilo neno, kwani lilisemwa na nani? Nikazitia funguo mfukoni.

Bunduki nayo imeamuliwa. Atanunua akishafanyiwa jicho la pili, na itakaa shambani, kabatini, kabati lenye kufuli. Kwa ajili ya ndege tu. Wamekubaliana baba na mwana. Roho yangu imetulia.

Jumapili, 9 Novemba
Nimempeleka kliniki na kumrudisha. Joto limepungua, tumefungua vioo. Amekaa mbele. Miwani nyeusi. Alikuwa anasoma kila bango kwa sauti: famasia, matairi, tende za Madina, nyumba inapangishwa. Sikumtajia kitu chochote njia nzima. Mdomo ulikuwa unaniwasha.

Kwenye taa nyekundu ya Al-Hindawiyah alivua miwani akanigeukia. Alinitazama mpaka nikaona aibu. Akasema alidhani mimi ni kijana. Nikamwambia nina arobaini na tisa, baba.

 Kisha akaniomba nimwonyeshe tena picha ya mwanangu. Mwezi wa tatu nilimwonyesha, siku Ndunge alipohitimu ualimu. Alisema mashaallah, kijana mzuri, nami sikumsahihisha.

Nimempa simu. Ameishika karibu, ameisogeza mbali, ameirudisha. "Ni binti," amesema. Nikasema ndiyo, baba, ni mwalimu. Akapitisha kidole gumba pembeni mwa picha, asiguse uso. Taa ikawa ya kijani. Magari ya nyuma yakapiga honi, yakatupita moja moja, naye bado anatazama.