Mgonjwa Asije Peke Yake

Zahanati,
Masumbwe,
9 Novemba 1983

Dada mpendwa Salvina,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Hamjambo hapo Kishapu? Shemeji na watoto wanaendeleaje, na ng'ombe je, kwa ukame huu? Mahali hapa katika barua ndipo mtu huandika kwamba yeye ni mzima. Leo niruhusu nipaache wazi. Nakuomba uje Masumbwe, uje upesi, hata kama pamba haijapandwa.

Unakumbuka mwaka jana nilipelekwa Shinyanga kwenye mafunzo ya kuwahudumia wagonjwa wa akili. Mwalimu wetu, Bwana Donatus, alisema anayeokota makaratasi barabarani kila mtu anamwona. Anayetupita ni yule anayekuja akilalamika kwamba moyo unamwenda mbio, mgongo unamuuma, halali, nasi tunampa aspirini aende zake. Alitufundisha tumwulize, kwa upole na bila kuzunguka, kama amechoka kuishi. Na mgonjwa huyo asije peke yake. Aje na ndugu, ndugu naye aelezwe, maana vidonge vikiisha atabaki ndugu.

Nilicheka moyoni. Nani atamwuliza mtu mzima swali kama hilo? Lakini niliporudi nilimwuliza mama Mageni, jirani yetu aliyeuguza mgongo miaka nenda rudi. Alilia hadi kanga ikalowa, akasema tangu azike mwanawe, kila akienda kisimani anatamani asirudi. Nikamwita mumewe. Leo analima, na hunitania kwamba mimi ni nfumu, mganga wa kienyeji anayelipwa na serikali.

Tangu hapo wanakuja wengi, na mwenye mafunzo hayo huku ni mimi tu. Vidonge vyao vilikwisha Agosti. Wilayani wanasema nisubiri, gari halina mafuta.

Sasa nikwambie. Tangu shimo la dhahabu kule Geita limfukie mume wangu Bartholomeo, na mwili usipatikane, watu wananisifu kwamba nesi kajikaza. Sikujikaza, dada. Silali. Ugali nautafuna kama majani makavu. Juzi namwuliza mgonjwa lile swali, nikajikuta nalijibu mimi moyoni, na jibu lilikuwa ndiyo. Naogopa. Hapa hakuna wa kuniuliza, na mganga hajigangi.

Kabatini zimebaki dawa nyingine, na ufunguo nilikuwa nao mimi. Asubuhi hii nimempa Marselino, mfagizi wetu. Nimemwomba awe ananifungulia yeye, asimame pale pale, wala asinirudishie hata nikimgombeza, mpaka afike ndugu yangu.

Ndugu huyo ni wewe. Ukifika, habari za nyumbani zingoje. Niulize kwanza kama nimechoka kuishi, nami sitakuficha.

Nisalimie shemeji na wanangu wote, na kaka Gelasius akipita kutoka Isaka. Marselino naye anakuamkia. Anauliza utakuja na basi la siku gani.

Mdogo wako,
Coletha