Risasi za Kisanduku cha Kijani

Wisconsin, 9 Novemba

Mdogo wangu Orrin,

Hatujambo. Theluji imewahi mwaka huu, na Mama kapika supu ya njegere.

Wiki iliyopita nilikwenda dukani kwa Halvor kununua risasi za msimu wa kulungu. Akanitania mbele ya watu, "Nzito au nyepesi, mzee? Au bado unachagua kwa rangi ya kisanduku?" Wote wakacheka. Mimi nikalipa, nikatoka.

Mwaka jana Baba alinituma risasi nyepesi, zile ulizorekebishia darubini ya bunduki yako. Dukani zilikuwa zimekwisha. Nikanunua nzito, nikazitia kwenye kisanduku chetu cha kijani, kile cha nyepesi, ili asinigombeze. Nilijua nzito hupiga chini ya shabaha. Sikusema.

Ukampiga yule kulungu dume, akakimbia na mguu uliovunjika. Baba akasema, "Mnyama uliyemjeruhi humwachi hivyo," akamfuata bondeni kwenye theluji, na huko moyo ukamsimama. Mazishini Mjomba Sigurd akakwambia, "Mikono yako hiyo ndiyo imemuua." Nilikuwa nimesimama ubavuni kwako. Nikakuacha uondoke na maneno yale.

Jumamosi niliichukua bunduki yako, nikapiga karatasi ya shabaha kwa risasi nzito zilizobaki. Zote zilipiga chini, kiganja kizima. Karatasi nimeitia humu uone mwenyewe. Mikono yako haikuwa na kosa.

Mama nimeshamwambia. Tangu Jumapili anaweka mezani sahani yako. Yangu haweki.

Kaka yako,
Verlyn