Sufuria Isiyo na Mnanaa

Furnas, 4 Mei

Mdogo wangu Natércia,

Salamu nyingi kutoka kisiwani. Natumaini baridi ya Toronto imewaachia. Sisi wazima, ila goti langu, ambalo siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko redio.

Mama anatimiza themanini Jumapili ya tarehe 16 Juni. Nilipomwambia nataka kukualika, alisema, "Asiyekuja kumzika baba yake atakuja kwa ajili ya keki?" Baada ya muda akauliza kama huko Kanada majimbi yanapatikana. Fasiri mwenyewe.

Tutafukia sufuria kando ya ziwa, ardhi yetu ya volkano iipike kwa joto lake kama kawaida. Njoo ule.

Kaka yako,
Hermano

Toronto, 20 Mei

Kaka Hermano, shikamoo.

Pole na goti. Nakuja siku nne, lakini kama mtalii. Nimelipia hoteli, chemchemi ya moto na mtumbwi wa kupiga kasia ziwani. Nyumbani sifiki mpaka mama aniite mwenyewe. Baba alipofariki sikuwa na karatasi za ukaazi. Ningetoka huku nisingerudi. Nilimweleza, hakunisikia. Sitasimama mlangoni kwake kama muuza mifagio.

Usimwambie. Niletee tu sahani moja ya sufuria yake pale ziwani. Miaka kumi na mitatu sijaionja.

Mdogo wako,
Natércia

Toronto, 24 Juni

Kaka, shikamoo.

Nimefika salama. Nguo yangu ya kuogelea haikufika salama. Maji yenu ya moto yameigeuza rangi ya kutu.

Pole na miwani. Nilikuambia ukae, ukasimama mtumbwini kumpungia padri mkono, ukatumbukia. Sasa miwani ni mali ya samaki.

Ila kuna jambo. Ile sahani uliyoniletea haikuwa na mnanaa. Ulikuwa umelowa, unatetemeka, nikaona nile ninyamaze. Lakini mama hajawahi kupika bila mnanaa. Niambie kweli, ameanza kusahau? Kama ni hivyo, nimefanya kiburi hadi nimechelewa.

Mdogo wako,
Natércia

Furnas, 3 Julai

Mdogo wangu Natércia,

Nakuandikia nikiwa na miwani mipya, imefungwa kamba shingoni kama kengele ya ng'ombe.

Mama hajasahau kitu, kwa bahati mbaya yangu. Pale ziwani kila sufuria ina kibao cha mwenyewe, lakini bila miwani vibao vyote ni ndugu. Nilifukua ya Dona Ilda, yule muuza mikate, jirani yetu. Nikakupakulia wewe, iliyobaki nikaipeleka nyumbani nikijisifu. Mama alionja kijiko kimoja, akakiweka chini.

"Hermano, hii umeiba kwa nani?"

Kabla sijajibu, Ilda yuko mlangoni na sufuria yetu, imeshaliwa nusu. "Mwanao huyu angezaliwa fuko angekufa njaa," akamwambia mama.

Barua yako ilipofika nilimsomea mama yote, pamoja na ile ya Mei. Najua uliniambia ninyamaze. Aliisukuma kahawa yake kando.

"Alijua kwa mnanaa?"

"Alijua, mama."

"Na hizo karatasi. Ndivyo alivyoniambia wakati ule?"

"Hivyo hivyo."

"Mwanangu alikuwa hapo ziwani, mwendo wa nusu saa, na wewe unamlisha kabichi ya Ilda."

Mimi ndiye sijasamehewa. Jana alinituma dukani kununua rangi. Unakumbuka kibao chetu cha sufuria, chenye jina la baba? Amenisimamia hadi nikaandika lako chini yake. Herufi kubwa, alisema, kwa faida yangu. Kisha akaomba kalamu, akanikataza kuangalia. Maneno yake ni hayo hapo chini.

Kaka yako,
Hermano

Natércia, safari hii usilipie hoteli.
Mama yako