Mukate ya Kahindo ya Vendredi

Mama,

Mikate yako imeisha. Naanza na hiyo juu najua njo kintu ungeuliza mbele ya yote, hata mbele ya kuuliza kama tunalala muzuri. Hatulale muzuri. Mikate imeisha, ya mwisho nilikula mimi, na mutoto yako wa mwisho aliniita mwizi mbele ya majirani. Tangu tukuzike, Kahindo hakamate hata maji ku mukono yangu. Ngoja nikuambie vile ilipita, bila kuipamba. Weye hukupendaka maneno ya kupamba.

Unakumbuka ile jumapili ya mwisho, siku ya Mungu. Tulitoka misa, ukafunga kitenge ya kazi, ukapanga mikate makumi mbili ku meza. Batoto bane, mimi, Kambale, Paluku na Kahindo, siku tano. Kila lundi, jumatatu, ulikuwa unapanda Beni kuuzisha maharagi mu depot ya Bungulu, unarudi vendredi, ijumaa, na goûter, chakula kidogo ya kubeba ku masomo, ya juma nzima ulikuwa unatuachia hapa Butembo, ndani ya congélateur ya kugandisha. Ulikuwa unapakaa margarine pande mbili, mupaka ku kando kabisa, ili mukate isikunywe maji. Kisha sardine, ao karanga ya kusagwa. Tomate hapana, avoka hapana. Kila moja mu sachet yake, na karatasi ndogo ndani: PALUKU – MARDI. KAHINDO – VENDREDI. Asubui kila mutoto anabeba yake ikiwa nguvu sawa jiwe, na saa ya récréation, ya kupumzika, inakuwa imelainika mu sac.

Ukaniambia, "Masika, kamata kisu, kichwa inaniuma." Na mimi, mutu muzima wa myaka kumi na kenda, niko mu mwaka ya mwisho ya masomo, nilikujibu nini? "Batoto ya bengine banakula bya moto. Siye tunakula mukate ya morgue, baridi sawa maiti."

Ulikata yote makumi mbili peke yako, ukaosha kisu, ukalala mapema. Mardi, jumanne asubui, batu ba Bungulu bakatupigia simu. Ulianguka katikati ya mifuko ya maharagi. Tension, damu kupanda, balisema. Kichwa inaniuma: nilisikia na masikio yangu yote mbili, Mama, na sikukamata kisu.

Tulienda kukukamata ku Beni: dada yako Mama Mukubwa Kavira, mimi, na Kahindo, juu alishika sketi yangu na hakukubali kuachia. Myaka sita. Ningemupiga, ningemufungia mu nyumba. Nilichoka, nikamubeba. Morgue hatukumuzuia kuingia. Alikugusa ku shavu, akatoa mukono haraka, akaiweka tena. Hakulia. Akasema, "Iko baridi tu. Tukifika Butembo atakuwa amelainika." Akaniangalia mimi dada yake mukubwa. "Si njo vile, Yaya?"

Nikamujibu: njo vile.

Ee, nilisema ile. Nilikuwa na haraka ya kutoka mule ndani, na harufu, na ule mutu wa kazi ya morgue anangojea tumalize. Ilikuwa rahisi. Njo maana nilisema.

Njia nzima alikaa pembeni ya sanduku yako, kiganja ku mbao, vile anagusaka mukate mu sac kuangalia kama iko tayari. Ku barrière ya baaskari soldat mumoja akachungulia, akauliza tunabeba nini. Mbele Mama Mukubwa afungue kinywa, Kahindo akamujibu, "Ni Mama. Bado kidogo." Ule soldat akatoa kofia, akafungua njia. Mama Mukubwa akaniuliza mutoto anasema nini. Nikasema sijue.

Balikuzika siku ileile. Baliposhusha sanduku, batu bote balikuwa banaangalia chini. Kahindo alikuwa ananiangalia mimi. Hakupiga kelele. Aliangalia tu kama nitasema kintu, na mimi nikaangalia chini sawa bote.

Sasa sikia ya kilio, ya matanga yako. Narudi toka kuazima viti, nakuta wanakwaya banatafuna. Mama Mukubwa alifungua congélateur: "Bageni bakule nini? Bile bitaharibika bure!" Ya mercredi, ya jeudi, ya vendredi, yote ku sinia. Papa alikuja toka Kayna na ule mwanamuke wake, ule mwenye alituacha sababu yake, na ye Papa akakaa ku kiti ya mbele kama mwenye nyumba. Alikula tatu, Mama. Alishika ya tatu bado na barafu ndani, akasema, "Marehemu alikuwa anajua kazi." Myaka ine hakutuma hata kilo moja ya viazi, lakini ku kifo yako alikula jina ya Kambale na jina ya Paluku, akapangusa midomo na kitenge yako. Nilitamani imukwame mu koo. Haikumukwama.

Moja tu niliokoa. Nilimupokonya mama mumoja wa chama yako, mbele ya kila mutu, bakasema kifo imenipandisha kichwa. KAHINDO – VENDREDI. Niliirudisha chini kabisa, chini ya samaki.

Kahindo aliona. Tangu ile siku, akitoka masomo, anapanda ku kiti, anafungua, anaangalia, anafunga. Hakuila. Nikimupatia ugali, anaacha. Kwa jirani anakula, kwa Mama Mukubwa anakula, kwangu hapana. Alikonda mupaka mwalimu aliniita, akaniuliza kama mimi ni mama wa kambo. Nilijaribu kutengeneza goûter yangu mwenyewe. Nikatia tomate, mujinga mimi. Ikatoka mu barafu kama kitambaa ya kusafishia nyumba. Paluku na Kambale bakakula yao juu ya huruma. Ya Kahindo ilirudi nzima mu sac.

Kisha mvua ikaangusha nguzo ya courant. Siku tatu bila umeme, barafu ikayeyuka yote. Siku ya tatu naingia, nasikia harufu, nakuta Kahindo amekaa chini, sachet iko wazi ku magoti. Akaniangalia, akaniambia neno ya kwanza tangu kaburi: "Yaya, imelainika."

Ilikuwa ya kijani ku kando. Sardine ilikuwa imeoza. Na ye alikuwa amefungua kinywa.

Nilimupokonya. Akaniuma ku mukono, alama bado iko. "Ni ya Mama! Ni yangu!" Kama ningeitupa, angeenda kuitafuta mu takataka, namujua. Na kuitupa, mikono yangu ilikataa. Basi niliikula, Mama. Nikisimama, mbele yake, yote, na ukungu yake. Na nikiwa natafuna nikamuambia, "Mama hatalainika. Mama amekufa. Ku Beni nilikuambia bongo, nilikudanganya." Alilia mupaka majirani bakaingia. "Mwizi! Mwongo! Alikula Mama!" Bakaniangalia kama mulozi, na mimi na makombo ku kidevu. Nilitapika siku mbili, na hakuna mutu aliniletea maji. Ilinistahili.

Courant ilirudi samedi. Jana, siku ya Mungu, nilipanga mikate ku meza yako. Makumi mbili, vile vile. Kahindo akakuja kusimama ku mulango. Kisha akasema, "Mama alikuwa anapakaa mupaka ku kando," akaenda zake.

Nilifungua yote tena, nikapakaa mupaka ku kando. Majina niliandika na mukono yangu mubaya. Kuiga mwandiko yako ningeweza, najua hata ile K yako ya mukia murefu. Nilikataa.

Leo asubui alibeba yake. Saa hii amerudi. Sachet iko tupu, ameikunja mara ine vile ulimufundisha, ameiweka ku meza mbele yangu. Labda alikula. Labda alimupatia mwenzake, labda alitupa mu mufereji akikunja sachet kunitesa. Sikumuuliza. Amekamata kikombe, amejichotea maji mwenyewe, ameenda kucheza.

Kukuomba musamaha, siombi. Umekufa, huwezi kunipatia na huwezi kuninyima. Bengine bataandika kwamba mama yao anabasikia toka mbinguni. Mimi nilikugusa ku shavu nyuma ya Kahindo kukugusa, najua vile ulikuwa baridi.

Nakuahidi mambo mbili. Ule mutoto sitamudanganya tena, hata kama kweli inamufanya aniume mukono ya pili. Na kila siku ya Mungu, tukitoka misa, kisu itakuwa ku mukono yangu, hata kichwa ikiniuma.

Nakuacha na baridi yako, Mama. Kesho asubui nitatoa ya mardi.

Masika